Upanga wa Mwanzi na Radhi ya Mama

Mara ya kwanza nilipouona mchezo wa kendo sikujua kuwa ni mchezo. Nilidhani nimekosea mlango, nimeingia pahala pa ibada ya watu.

Ilikuwa alasiri ya Alkhamisi, siku ambayo zama hizo Maskati ilikuwa ya mapumziko, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimempeleka binti ya kaka yangu kwenye somo la kuogelea katika skuli moja ya binafsi ya Madinat Sultan Qaboos, na kwa kuwa joto la nje lilikuwa halivumiliki, nikatafuta pa kujisitiri. Mlango wa ukumbi wa michezo ulikuwa wazi. Ndani walikuwamo watu wanane, wamepiga magoti kwa mstari, nyayo zimekunjwa chini ya mapaja, migongo imenyooka, macho yamefumbwa nusu. Hakuna aliyesema neno. Hata kiyoyozi kilionekana kunguruma kwa adabu.

Kisha wakavaa. Kila mmoja alijifunga kinga ya kifua na tumbo, akaivaa kofia nzito yenye wavu wa chuma usoni, akatia mikono ndani ya glavu nene kama mito midogo, na akashika upanga uliotengenezwa kwa vipande vinne vya mwanzi vilivyofungwa pamoja. Mmoja wao alikuwa mwanamke mfupi, ambaye kichwa chake hakikuzidi mabega ya Mzungu mrefu aliyesimama mbele yake. Walielekezeana ncha za panga. Hakuna aliyesogea. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe, nikafika ya tisa, na wakati huo nikaona jambo ambalo mpaka leo siwezi kulieleza sawasawa: yule mwanamume mrefu alirudi nyuma hatua moja, na hali hajaguswa. Alipojaribu kujirekebisha, mwanamke akapiga ukelele, mguu wake ukakita sakafu, na upanga ukatua katikati ya kofia ya yule bwana, yote matatu kwa mpigo mmoja, kama kwamba ukelele ndio uliopiga. Walipomaliza, walichuchumaa, wakarudi nyuma, wakainamiana.

Binti ya kaka yangu alinikuta bado nimesimama mlangoni. "Shangazi, mbona umelowa kuliko mimi?" akaniuliza. Nilikuwa nimetokwa na jasho pasi na kufanya lolote.

Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na kidogo. Nilikuwa nimesoma ng'ambo, nimerudi, nimeolewa, na ndoa ilipovunjika nikarejea nyumbani kwetu Mawaleh, kwa mama na kaka yangu na ahali yake. Kazi yangu ilikuwa kufasiri nyaraka katika idara moja ya serikali. Niliipenda kwa sababu haikunilazimu kusema. Sisi tuliotoka Unguja tukiwa watoto tuliingia skuli za Omani na Kiarabu cha madrasa, na wenzetu walitucheka kila tulipofungua vinywa. Nyumbani nako tulifunzwa kuwa sauti ya mwanamke ni ya kusitiriwa. Baina ya cheko la huko na funzo la huku, sauti yangu ilipungua mwaka hadi mwaka. Katika mikutano niliandika vikaratasi na kumpa aliyekaa kando asome yeye.

Alkhamisi iliyofuata nilimwendea yule mwanamke. Alikuwa Mjapani, mke wa mhandisi aliyekuja Omani kwa mkataba, na umri wake ulikuwa umepita hamsini. Tulizungumza Kiingereza, kila mmoja kwa lafudhi yake. Nilimuuliza kama umri wangu haujapita.

"Mwalimu wangu amevuka sabini," alijibu, "na mpaka leo sijawahi kumpiga isipokuwa pale anapotaka nimpige."

Alinieleza kuwa kendo maana yake ni njia ya upanga, na kwamba neno zito hapo ni njia, wala si upanga. Watu wa kale wa kwao walijifunza upanga ili waue. Wa leo wanajifunza ili wajitengeneze. Pahala pa kupiga ni panne tu: kichwa, kifundo cha mkono, ubavu, na koo. Pigo halihisabiwi mpaka roho, upanga na mwili vifike kwa pamoja, na roho hujulikana kwa sauti: yakupasa ulitaje kwa ukelele lile unalolipiga.

"Upanga ukifika peke yake," alisema, "hujapiga. Umegusa tu."

Miezi mitatu niligusa tu. Miguu ilijifunza kuteleza sakafuni bila ya kunyanyuka, malengelenge yakatoka, yakakauka, yakageuka ngozi. Mgongo wangu, uliokuwa umejikunja juu ya meza ya kazi, ukaanza kunyooka hata nikiwa garini. Nilijifunza kuvuta pumzi kutoka tumboni, na usingizi ambao ulikuwa umenihama tangu talaka ukanirudia bila ya kuitwa. Yote hayo niliyapata. Sauti ndiyo iliyokataa. Kila nilipofungua kinywa, kilitoka kitu kama mlio wa mlango uliokosa mafuta, na mwalimu alingoja, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Tena." Hakunikaripia hata mara moja. Kungoja kwake huko ndiko kulikonitisha.

Lilikuwapo pia suala la kuinama, na hili nilimwambia tangu wiki ya kwanza: katika dini yetu hatumwinamii kiumbe. Uso ulimkunjika kidogo, na darasa likaisha bila ya jibu. Wiki iliyofuata alinijia kabla hajavaa. Alikuwa amewatazama watu wa nchi hii, akasema, namna wanavyoweka mkono wa kulia kifuani wanapomheshimu mtu. Je, hilo lingenifaa? Nikasema lingenifaa sana. Tangu siku hiyo, wenzangu wakiinama, mimi naweka mkono kifuani, na yeye hunirudishia vivyo hivyo, mkono kifuani, pamoja na kuinama kwake.

Mama hakuyajua haya yote kwa undani. Alijua tu kuwa nafanya mazoezi ya Wajapani, na mwanzo aliyachukulia kama alivyoyachukulia mambo yangu mengine ya kisomo, kwa subira na mzaha. Mzaha ulipungua siku ya nguo. Koti la kendo ni la pamba nzito iliyotiwa nili, na likiwa jipya huchuja rangi kama wino. Mimi nilikuwa nalifua peke yake kwa maji baridi. Siku moja mama, kwa huruma zake, aliliona limelowa jasho, akalitia katika mashine pamoja na kanzu tano nyeupe za kaka yangu. Nilirudi kutoka kazini nikakuta kanzu tano za buluu zinaning'inia kwenye kamba kama vipande vya mbingu.

Kaka yangu alisimama chini yake mikono kiunoni. "Mama, zamani Unguja ukitia buluu kidogo kwenye maji ili kanzu ing'are. Leo umemwaga kopo zima?"

"Usinitanie," alisema mama. "Muulize dada yako kaleta pepo gani nyumbani kwangu."

"Nitakwendaje msikitini Ijumaa?"

"Nenda hivyo hivyo. Watadhani ni mtindo wa Dubai."

Tulicheka sote. Lakini wiki chache baadaye mama alikwenda kwenye khitma ya jirani, na huko mwanamke mmoja akamuuliza, mbele ya watu, kama ni kweli kuwa mwanawe anakwenda kuwasujudia Wajapani na kupiga makelele pamoja na wanaume. Mama alirudi nyumbani. Alivua abaya yake, akaikunja, akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Nnataka uniambie mwenyewe. Mnasujudu?"

"Hatusujudu, mama. Wao wanainama. Mimi naweka mkono kifuani."

"Leo mkono kifuani, kesho kichwa sakafuni. Ndivyo mambo yanavyoanza." Alizitazama glavu zangu pembeni mwa chumba. "Na makelele?"

"Makelele ni kweli. Lakini mimi hata hayanitoki."

"Alhamdulillahi kwa hilo." Akainuka. Mlangoni akageuka. "Wewe mtu mzima, una kazi yako, una gari yako. Mimi sikukatazi. Lakini radhi yangu haimo."

Asiyekulia kwetu huenda akaona kuwa niliachiwa huru. Ukweli ni kuwa katazo ningeweza kubishana nalo. Katazo lina sababu, na sababu hujibiwa. Radhi ya mama hainunuliki wala haibishiwi. Tumelelewa kuamini kuwa ajuwaye kuwa mama yake hana radhi naye, hata mlango wa mbingu atagonga kwa mkono mzito. Na shauri lenyewe lilikuwa limekaribia ukomo wake. Mkataba wa mume wa mwalimu ulikuwa unamalizika baada ya miezi miwili. Kabla hawajaondoka, watahini watatu wangepitia Maskati kutoka kwao, na mimi nilikuwa miongoni mwa wanne waliotarajiwa kufanya mtihani wa daraja la awali. Baada ya hapo sikujua kama mtihani mwengine ungekuja nchini.

Niliacha kwenda. Niliyafungia mavazi ya kinga katika mfuko wake, nikautia stoo, nikamwandikia mwalimu kuwa ninaumwa mguu. Huo ulikuwa uongo, na aliupokea bila ya swali.

Wasiowahi kuvaa kofia ya kendo hawajui harufu yake. Ndani yake mna pamba nene, na pamba hunywa jasho la mvaaji na kulihifadhi kwa uaminifu. Ikiachwa katika stoo isiyo na dirisha, siku za joto la Omani, hugeuka kitu chenye uhai. Siku ya kumi na mbili nilirudi kutoka kazini nikakuta mlango wa stoo wazi, na harufu ya udi imejaa nyumba nzima kama siku ya harusi. Nilimkuta mama varandani, ameketi kwenye kigoda. Mbele yake palikuwa na chetezo chenye kaa jekundu, na juu ya vile vijiti tunavyotandazia nguo za kufukiza alikuwa ameiweka kofia yangu, uso wake wa chuma umetazama juu, moshi unapenya kwenye wavu kwa nyuzi nyembamba nyembamba.

"Mama! Unafanya nini?"

"Linanuka!" alisema bila ya kuinua macho. "Linanuka kama beberu aliyekufa. Nimelianika juani siku mbili, na bado. Silitaki hili dude lako, lakini nyumba yangu hainuki mimi nikiwa hai."

"Huo si udi wa Idi?"

"Huo huo. Ulitaka nilitilie ubani wa bei rahisi, liushinde?" Akaigeuza kofia upande wa pili, kwa ncha za vidole, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala. Glavu zilikwisha kufukizwa, zimepangwa juu ya kitambaa safi.

Sikujua nicheke au nilie. Kwa kuwa mavazi yale yalikuwa ya kuazimwa, niliamua kuyarejesha Alkhamisi ile ile na kusema ukweli.

Mwalimu alikuwa peke yake ukumbini, anapiga dasta sakafu kabla ya darasa, kama alivyofanya kila wiki, kwani hakumwachia mtu mwengine kazi hiyo. Nilimwambia kuwa mguu wangu haukuwa na ila yoyote, kuwa mama yangu hana radhi, na kuwa bila ya hiyo sitoweza kufanya mtihani. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaufungua mfuko ili ayahesabu mavazi, na udi ukapanda.

Mikono yake ilisita. Aliitoa kofia, akaikaribisha usoni, akavuta pumzi ndefu. Alipoishusha, macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Nani aliyefanya hivi?"

Nikaanza kuomba radhi. Nilidhani tumeharibu kitu: ngozi, rangi, au mwiko fulani. Nikaeleza kuwa kwetu nguo hufukizwa, kuwa mama hakukusudia ubaya, kuwa harufu itatoka ikianikwa.

"Ngoja," alisema. Akakaa chini, akanionesha nami nikae. Akanihadithia kuwa katika nchi yake, zamani za vita, walikuwapo mashujaa waliofukiza kofia zao kwa uvumba kabla ya kwenda uwanjani. Waliogopa kitu kimoja kuliko mauti: kwamba kichwa cha mmoja wao kikikatwa na kupelekwa mbele ya adui, adui akutane na uvundo. Kofia iliyofukizwa ilikuwa na maana kuwa mtu huyu amekwisha kujiandaa, hana deni na dunia, na anamheshimu hata yule atakayemuua. "Nimesoma habari hizo tangu mtoto," alisema. "Miaka thelathini navaa kofia kama hii. Iliyofukizwa sijapata kuinusa."

Nilimfikiria mama yangu kwenye kigoda chake, ambaye hajapata kusikia habari za mashujaa wale, amelifanya jambo lao kwa hasira ya usafi tu. Nilihisi kama niliyefungua mlango wa chumba changu nikakuta ndani yake bahari. Watu wawili waliotengwa na nusu ya dunia na mamia ya miaka wamekutana juu ya kofia moja, na mimi ndiye niliyekuwa ninaivaa.

"Naomba nije kumshukuru mama yako," alisema mwalimu.

Alikuja Ijumaa baada ya alasiri. Alivua viatu mlangoni, akavigeuza ncha zielekee nje, na hilo tu lilimfanya mama aninong'oneze, "Kafunzwa huyu." Mama alikuwa ametandika kitambaa, na juu yake halua, mkate wa ufuta, na buli la kahawa. Mwalimu hakukaa kwenye kochi. Alipiga magoti juu ya zulia, nyayo chini ya mapaja, mikono juu ya mapaja.

"Mwambie akae vizuri, asijitese," alisema mama.

"Ndivyo wanavyokaa, mama."

"Hivyo?" Mama akamzunguka kwa macho. "Mbona tahiyatu ya swala hiyo!"

Mimi nilikaa baina yao, nikafasiri. Mwalimu alimshukuru kwa udi, akamsimulia habari za kofia za mashujaa. Mama alisikiliza, kikombe mkononi hakijafika mdomoni. Mwisho akasema, "Mwambie mimi nilichukia uvundo tu. Lakini hao watu wake walikuwa na akili." Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuzunguka, akaweka kikombe chini. "Sasa muulize. Mnamwinamia nani mle ukumbini? Kuna sanamu?"

"Hakuna sanamu," alijibu mwalimu. "Tunapainamia pahala, kwa sababu patatuvumilia. Tunamwinamia mwenzetu, kwa sababu bila yeye hatujifunzi. Binti yako hainami. Anaweka mkono kifuani, nami naona ni heshima ile ile."

"Na wewe hukuudhika?"

Mwalimu alifikiri. "Niliudhika siku moja. Kisha nikatafakari wiki nzima."

Mama alicheka, akamsogezea halua. "Mkweli huyu. Na akikupiga mtu kichwani, unafanyaje?"

"Namshukuru."

"Kwa kukupiga?"

"Kwa kunionesha pahala nilipokuwa wazi."

"Heh! Basi mimi yule wa kwenye khitma nimshukuru kila siku." Alinitazama kunihimiza nifasiri na hilo pia. Nilifasiri. Mwalimu akafunika mdomo kwa mkono, mabega yakitikisika.

Mama akamhadithia kirumbizi cha kwao, wanaume wanapigana magongo harusini huku zumari inalia, na mpiga huinua gongo lake kumwamkia mpigwa. "Lakini mwanamke hakuingia," alisema. "Alitazama."

"Kwetu pia hawakuingia kwa muda mrefu," alisema mwalimu. "Baba yangu mwenyewe alikuwa mtu wa upanga, na hakutaka niushike. Nilijifunza kwa siri. Alifariki hajanipa ruhusa." Aliyasema haya akiwa amemtazama mama, si mimi. "Nimepanda daraja nyingi. Hiyo moja sitoipata. Ndiyo maana nimekuja kwako wewe, sikwenda kwa binti yako."

Niliyafasiri. Mama alimmiminia kahawa, akaisahau ya kwake.

"Mwambie nitakuja kutazama kwa macho yangu," alisema hatimaye. "Ndipo nitasema."

Kwa hiyo nilirudi mazoezini nikiwa sina radhi wala sina katazo. Siku moja kati ya hizo, katikati ya zoezi la kawaida kabisa, sauti ilinitoka. Sijui kwa nini siku ile. Ilitoka chini ya kitovu, ikapita kifuani bila ya kuomba ruhusa, ikaugonga ukuta wa ukumbi na kunirudia, na nikashtuka kama aliyeitwa na mtu asiyemjua. Mwalimu hakusema "Tena." Aliweka mkono kifuani.

Siku ya mtihani mama alikuja na chupa ya kahawa na kaka yangu akiwa dereva. Nilimketisha katika safu ya mbele. Kabla ya kuanza, mzee kuliko wote kati ya watahini alisimama kuonesha. Alipokuwa akivaa, vidole vyake vilitetemeka kwenye fundo la kamba. Upanga ulipofika mikononi mwake, mtetemo ukakoma. Kijana mmoja mwenye nguvu alijaribu kumwingia kila upande, na kila alipotaka kuanza, ncha ya mzee ilikuwa imekwisha kufika kooni pake, inamngojea. Mzee hakuwa anakwenda mbio. Hata sikuona anasogea.

Mama alinivuta mkono. "Babu huyo ana miaka mingapi?"

"Anakaribia thamanini."

"Subhanallah! Na magoti yake mazima?" Akajigusa la kwake. "Mimi nna sitini na tano, na ngazi ya kwetu inanishinda."

Niliitwa wa tatu. Juu ya hijabu yangu nilifunga kile kitambaa ambacho kila mchezaji hukifunga chini ya kofia, na ulimwengu ukawa mistari ya chuma. Mpinzani wangu alikuwa mwanamume wa rika langu. Tulielekezeana ncha. Nilihisi pumzi yake inapanda. Nikaona bega lake linataka, kabla halijataka. Na bila ya mimi kuamua, mguu ukakita, sauti ikatoka, na upanga ukatua juu ya kichwa chake katikati kabisa. Sijapata kufanya jambo lolote maishani kwa ukamilifu kama ule. Ulikuwa utulivu mkubwa ndani ya ukelele mkubwa.

Nikampita, kama tulivyofundishwa. Kisha nikageuza macho kumtazama mama.

Matokeo yalibandikwa mlangoni kwa nambari. Nambari za wenzangu watatu zilikuwapo. Yangu haikuwapo. Nilikwenda mbele ya watahini, nikaweka mkono kifuani mara tatu, nikawashukuru mmoja mmoja. Yule mzee alinirudishia kwa kuinama sana.

Mwalimu alinieleza, mama akiwa amesimama ubavuni mwangu. "Pigo lilikuwa zuri kuliko yote ya leo. Lakini pigo haliishi linapotua. Baada yake moyo unatakiwa ubaki pale pale, kwa yule uliyempiga, mpaka mwisho. Ndiyo maana hata bingwa wa dunia akirukaruka kwa furaha, pointi yake hufutwa. Moyo wako uliondoka. Macho yako yalikwenda kwa mtu mwengine."

"Anasemaje?" aliuliza mama.

"Kwamba nimefeli."

"Hilo nimeliona kwa nambari. Anasema kwa nini?"

Nilimfasiria maneno yote, sikupunguza. Mama alimtazama mwalimu, akanitazama mimi, akaufunga mtandio wake vizuri.

Njiani kuelekea Mawaleh kaka yangu ndiye aliyeendesha gari. Mama alikuwa kiti cha mbele. Tulikuwa tumekwisha kulipita soko la mboga alipozungumza, uso wake umeelekea barabarani.

"Umefeli, halafu ukawashukuru."

"Ndiyo, mama."

"Wote watatu. Mbele za watu, na jasho linakutoka." Akaiweka chupa ya kahawa miguuni. "Nimekulea miaka yote hii, sikupata kuisikia sauti yako vile. Nilidhani ni mtu mwengine kavaa nguo zako."

"Imekuudhi?"

"Imenitisha. Kisha nikajiuliza, ilikuwa imekaa wapi."

Kaka yangu alitia indiketa, akaingia njia ya nyumbani.

"Uliniangalia mimi," alisema mama. "Ndiyo maana kafeli mtoto. Alikuwa ananitafuta usoni kama nimeridhika." Alisema kama anayezungumza na kioo cha gari, kisha akageuka nusu, mkono wake ukaja nyuma baina ya viti viwili mpaka ukalipata goti langu. "Mara nyengine usinitazame. Radhi yangu unayo, ipo, huna haja ya kuitafuta. Wewe mtazame unayempiga."

"Mwalimu anaondoka, mama. Sijui kama mtihani mwengine utakuja huku."

"Basi utaufuata uliko," alisema, akageuka mbele. "Dubai si karibu? Kaka yako atatupeleka."

"Mimi?" alisema kaka yangu.

"Wewe. Na kanzu yako nyeupe."